Siku moja ya mnajimu asiyepiga ramli

Saa kumi na moja alfajiri niko macho. Swala, chai ya rangi, baiskeli mpaka shuleni. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Tanga. Vipindi vya asubuhi vikaisha kama kawaida, kwa chaki na kelele.

Saa tisa alasiri nipo barazani kwangu Ngamiani na kompyuta. Ndipo inapoanza kazi ya pili, isiyolipa hata senti: kutafuta asteroidi, mawe yanayolizunguka Jua. Darubini sina, watu hudhani ninayo. Watu wa kujitolea tunagawiwa picha za Pan-STARRS, darubini ya Hawaii, nne nne za kipande kimoja cha anga, zilizopigwa kwa kupishana dakika kadhaa. Nazichezesha mfululizo. Nyota hazibanduki, natafuta kinukta kinachosogea kwa mstari ulionyooka. Vingi ni uchafu wa kamera, na vinavyobaki karibu vyote ni mawe ya huko kati ya Mirihi na Mshtarii, hayana habari na sisi.

Kumi na nusu, hodi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwalimu mnajimu?"

Nikajua nimekwisha. Kiswahili kimetuponza: mimi mnajimu, na mpiga falaki naye mnajimu. Bibi akafungua pindo la kanga, akatoa noti ya elfu mbili na karatasi yenye jina la mwanawe, chini yake jina lake yeye, mama mzazi. Biashara ya kijana imekwama, nyota yake iangaliwe. Nikaeleza. Akasikiliza kwa adabu, kisha akaisogeza noti karibu yangu. Nikamwonyesha vinukta kwenye kioo.

"Yake ipi hapo?"

Nikaeleza tena, koo likakauka. Akaniletea habari ya lile jiwe lililotajwa redioni, kwamba litaigonga Dunia. Kweli, ni asteroidi iitwayo 2024 YR4: Februari 2025 uwezekano wa kuigonga Dunia tarehe 22 Desemba 2032 ulipanda hadi asilimia 3.1, kisha vipimo vikaongezeka, ukaporomoka karibu na sifuri.

"Mara laja, mara haliji. Waganga wana kauli moja, baba."

Hilo liliniuma. Nikamwambia: simama usiku kando ya barabara ya Pangani. Taa ya bodaboda ikiwa mbali, unaona kama inakujia wewe. Hujakosea, ila hujaiona vya kutosha. Ikikaribia ndipo unajua itapita upande gani. Na sisi tunapima hivyo hivyo, usiku baada ya usiku.

Akatikisa kichwa. "Sasa mwanangu je?"

Umeme ukakatika. Kompyuta yangu betri ilishakufa zamani. Seti nzima ikapotea kabla sijaihifadhi. Bibi akaaga, akiniombea dua.

Umeme ulirudi baada ya isha, sijui saa ngapi. Nikaanza upya, macho yanawasha, mbu wanajilia. Kinukta kimoja kikasogea sawasawa katika picha zote nne. Nikakipima, nikatuma ripoti.

Kuinua kikombe nikanywe chai iliyopoa, noti ile iko chini yake, imekunjwa pamoja na karatasi. Kesho nitamtuma mtoto wa jirani azirudishe.