Nilivyomaliza shida ya bei kabla ya Canton Fair

Nauza vyombo vya nyumba hapa Kibuye, Kisumu, na kilichokuwa kinanisumbua ni hivi, sapulaya mmoja anakupa bei ya kiwandani, mwingine hadi bandarini, sasa utalinganisha aje? Kabla sijapanda ndege kwenda Canton Fair, yale maonyesho makubwa ya biashara kule Guangzhou, China, niliwatumia wote meseji moja WeChat: nipeni FOB (yaani bei ya mzigo hadi upakiwe melini huko China), oda ya chini kabisa, na saizi ya katoni. Hiyo saizi usiiache jamani! Katoni ya sentimita 60 kwa 40 kwa 50 ni CBM (mita za ujazo) 0.12, na kontena ya futi 20 inabeba kama CBM 28 hivi, kwa hivyo unajua mapema kila sufuria italipa nauli ngapi hadi Mombasa. Birika za umeme nikauliza plagi ya pini tatu za kwetu na ukaguzi wa PVoC wa KEBS (shirika la viwango la Kenya), ule unaofanywa kabla mzigo haujasafirishwa, waliosita nikawatoa kwa listi.