King Majuto, Mzee Ojwang na ubishi wa barazani

Mimi bado ni mtu wa King Majuto, yule mchekeshaji wa filamu za Tanzania, na najua vijana wataniambia nimezeeka, basi wacha nizeeke. Jana baada ya Isha tulikuwa barazani huku Langoni, Lamu, mada ikaanza tu vile mada za baraza huanza, mtu kaonyesha klipu kwenye simu, mwengine akasema hicho si kichekesho, na kabla kahawa haijafika watu washagawanyika, huyu wa Churchill, huyu wa Njugush, huyu wa Joti, na mmoja ati hakuna mchekeshaji duniani isipokuwa Mr Bean. Nimeona niyaandike yangu hapa maana kule kila nikifungua mdomo nakatwa.

Majuto kwanza. Jina lake hasa Amri Athumani, mtu wa Tanga, alizaliwa 1948 akafariki Agosti 2018, na sisi wa mwambao Tanga hatuioni ni nchi ya watu, ukimsikia anaongea unaweza kudhani ni mjomba wako kaja na jahazi. Yule mzee anayemwigiza ni yule yule karibu kila filamu: kofia kichwani, mchoyo, mkali, macho yake kwa wanawake, na anajiona ana heshima kuliko mtaa mzima. Anaanza kwa upole, salamu ndefu, hali gani, watoto hawajambo, nyumbani wazima, halafu unaona jicho lishaenda kwenye sahani ya mwenziwe. Hapo mimi tayari nacheka na hajasema kitu! Na matusi yake yanakuja yamevishwa adabu, anakuita mwanangu kwanza ndio akutukane, kama vile wazee wetu wenyewe wanavotufanyia.

Kinachonimaliza zaidi ni kuwa yule mzee hajui kama anachekesha. Ana shida zake za kweli bwana. Anataka pesa yake, anataka kuoa tena, anataka yule kijana amwondokee mlangoni, na kadri anavozidi kukasirika ndivo sisi tunavozidi kuumia mbavu. Mchekeshaji akianza kucheka yeye kabla yangu mimi nishatoka, ni kama mtu anayekukaribisha chakula na huku kashakula yeye.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa tivii, alikuwa akisema ni makelele matupu, lakini Majuto akitokea ukili unawekwa chini. Na hakuwa akisema huyu anachekesha, alikuwa akisema "huyu namjua mimi," kisha anataja jina la mzee fulani wa mtaani, jina ambalo siwezi kuliandika hapa kwa sababu wajukuu zake wananisoma.

Sasa hapo kwa "namjua" ndipo ubishi wangu wa jana ulipokuwa unaelekea kabla sijanyamazishwa. Komedi nyingi za bara zina Mpwani wao. Mnamjua. Kavaa kikoi, anavuta maneno mpaka unasinzia, jamaaani, wallaaahi, kazi hataki, kazi yake kulala chini ya mnazi, basi, utani umeisha hapo. Mwigizaji akishavuta lile neno watu ukumbini wanaanguka na mimi nimekaa huku najiuliza huyu mtu anaitwa nani, anadaiwa na nani, mkewe anamwambiaje asubuhi. Hakuna. Ni lafudhi imevalishwa kikoi. Hainikasirishi hata, inanichosha tu, maana Wapwani wenyewe tuna vituko vya kuchekwa mpaka kiyama, mtu aje akae hapa wiki moja asikilize tunavyogombania mirathi ataondoka na komedi ya mwaka mzima.

Mtu akaniambia, sasa mbona unampenda Mzee Ojwang na yeye alikuwa lafudhi tupu? Swali zuri, na nimelala nalo. Ojwang wa Vitimbi, kile kichekesho cha tivii kule KBC, jina lake Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu anayeigiza Mjaluo kwa miaka na miaka, na Wajaluo wenyewe wakampenda. Alipofariki Julai 2015 Kenya nzima ililia, sisi huku pia. Kama kazi yake ingekuwa kuvuruga Kiswahili tu nadhani tungemchoka haraka. Lakini Ojwang alikuwa na Mama Kayai ndani ya nyumba, na ule ugomvi wao, yeye anataka kuonekana ndiye bwana wa mji na kila mtu anajua mambo yanaamuliwa na nani, huo ugomvi uko Lamu, uko Kisumu, uko kila mahali penye mume na mke na pesa kidogo. Lafudhi ilikuwa mlango tu wa kuingilia, ndani kulikuwa na mtu. Na Vioja Mahakamani pia, mshtakiwa kama Makokha anasimama kizimbani kajiamini kabisa na uongo wake, kashaupanga vizuri, na ule uongo unamfunga mwenyewe neno kwa neno mbele ya hakimu. Hata bila lafudhi ningecheka.

Kuna wakati lakini kuiga sauti peke yake kunatosha, lazima nikubali. Redykyulass, lile kundi la komedi la vijana watatu, Tony Njuguna, John Kiarie na Walter Mong'are. Mong'are akimwiga Moi, na Moi mwenyewe yuko ikulu! Watoto wa sasa wanaomfanyia rais yeyote katuni saa mbili baada ya hotuba hawawezi kuelewa ile baridi ya mgongoni. Watu wazima walikuwa wanacheka huku wanaangalia mlango. Ile sauti ilikuwa inachekesha kwa sababu hata kuitoa tu kulikuwa kunatisha, na hofu ilipotoka nchini nahisi utani wenyewe ulipungua makali. Baadaye Kiarie akawa mbunge, Dagoretti Kusini, 2017, haya na hiyo nayo.

Mr Bean sitamgusa sana maana yule jamaa aliyemtetea atasoma, na kusema kweli nakubaliana naye zaidi ya nilivyoonyesha jana. Rowan Atkinson, anayemwigiza, amesomea uhandisi wa umeme mpaka Oxford, na ukiangalia vizuri unaona fundi kazini, hakuna kiungo kinachocheza bure. Vipindi vyenyewe ni 15 tu, vilianza 1990, na watoto wa hapa nyumbani wanavitazama ambao hawajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Hakuna lafudhi, hakuna hata maneno, kuna mtu mzima mwenye shida ndogo mno anayeichukulia kana kwamba ni vita. Ni Majuto huyo! Majuto asiyesema. Hilo ndilo nililotaka kusema jana.

Wa siku hizi nawatazama kwenye simu, sitadanganya, Njugush na mkewe wananichekesha hasa wakigombana vitu vya nyumbani vidogo vidogo. Wengine wengi naona wana haraka, dakika moja, mtu kaanguka, sauti ya kicheko imewekwa na mashine, inayofuata.

Ila kwangu mimi bingwa hayuko kwenye simu ya mtu. Ni mzee mmoja wa hapa mwenye punda wa kubebea mchanga, simtaji. Kipindi cha kampeni alikuja mwanasiasa pale Mkunguni akaahidi barabara za lami, hapa Lamu mjini, ambapo vichochoro vyetu punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Watu wakapiga makofi maana makofi ni bure. Mzee akanyanyua mkono, akasimama taratibu, uso mkavu kabisa, akauliza, "Mheshimiwa, hiyo lami itapita juu ya nyumba ya nani kwanza, nianze kuhamisha kuku?" Uwanja mzima ukalala chini. Yeye kasimama vile vile, kakunja uso, anatuangalia kama tumemkatiza. Nimemuuliza mara nyingi kama alikuwa anatania na kila mara ananijibu kwa hasira kuwa mpaka leo hajajibiwa na kuku ni wengi.