Haki ya Jezi

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Jumatatu ya tarehe 11 Agosti 2025, siku moja baada ya Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, kuifunga Moroko katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, mtoto mmoja wa darasa la jioni alikuja madrasani kwetu Majengo, Mombasa, na jezi ya timu hiyo ndani ya kanzu. Kola ilikuwa ikichungulia shingoni, naye kila mara akiivuta juu wenzake waione. Somo lilikuwa Surat Luqman, pale Luqman anapomuusia mwanawe asiwageuzie watu shavu kwa dharau wala asitembee katika ardhi kwa maringo. Mtoto akainua mkono. "Ustadhi, na wale wachezaji wakishafunga wakaenda vile wakijipiga kifua, hayo ndiyo maringo yenyewe?"

Nilimwambia nitamjibu. Tangu siku hiyo nimelibeba swali lake, na kila nikilipima naliona linatuhusu sote tuliokuwa tukipiga kelele jioni ile.

Waliotazama wanakumbuka. Ryan Ogam alifunga bao mapumziko yakikaribia, na kabla kipindi cha kwanza hakijaisha mwenzake Chrispine Erambo akaonyeshwa kadi nyekundu. Kipindi kizima cha pili wakacheza watu kumi, mbele ya Moroko, timu ambayo mwisho wa mashindano ndiyo iliyoondoka na kombe. Na hii ilikuwa CHAN, mashindano ya Afrika ya wanaosakata ligi za nyumbani peke yao. Hakukuwa na nyota wa kutoka ng'ambo. Hawa ni vijana wa ligi yetu, ile ile inayopita hapa uwanja wa Mbaraki wanapokuja kumenyana na timu yetu ya Bandari. Walijitupa, walikabana, walianguka wakainuka, na bao likabaki moja mpaka kipenga cha mwisho. Baada ya hapo ndipo walipojipiga vifua.

Wako waliosema kwamba kilichowakimbiza ni pesa, maana Serikali ilikuwa imeahidi kila mchezaji shilingi milioni moja kwa kila ushindi. Sikubaliani nao. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, basi mtu aliyetoka jasho kama lile anadai haki tu. Nia ya kila mmoja anaijua Mola wake. Mimi nina niliyoyaona kwa macho.

Turudi kwa mtoto. Mtume (s.a.w.) aliposema kwamba haingii Peponi mwenye kiburi moyoni japo uzani wa chembe, mtu mmoja alishtuka. Akauliza: je, na mtu anayependa nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri? Akajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Tazameni jibu lilivyoiacha nguo likaenda moyoni. Kijana aliyevaa rangi za nchi yake akasimama wima, akafurahi, hajamdharau mtu. Akianza kumcheka aliyeanguka, au akakataa kukiri kosa alilolifanya waziwazi, hapo ameingia kwenye lile neno, hata kama ametembea taratibu.

Lakini kisa kilichonifungulia swali hili ni cha Abu Dujana, Sahaba wa Mtume, siku ya vita vya Uhud. Mtume (s.a.w.) alishika upanga akauliza nani atauchukua. Mikono yote ikanyooka: mimi, mimi. Akauliza tena: nani atauchukua kwa haki yake? Neno moja tu limeongezwa, na mikono ikarudi nyuma. Wapokezi wa sira wanasema Abu Dujana aliuliza, "Na haki yake ni nini, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu?" Akaambiwa ni kuupigia adui mpaka ujipinde. Akasema atauchukua kwa haki yake. Akafunga kitambaa chake chekundu kichwani, akatoka baina ya safu akitembea kwa maringo. Mtume (s.a.w.) akasema huo ni mwendo anaouchukia Mwenyezi Mungu, isipokuwa mahali kama hapa.

Mpira si vita, na aliyevaa jezi nyingine si adui. Hilo niliweke wazi, kwa sababu vijana wetu hupigana viwanjani kwa kusahau jambo hilo. Mimi nimeshikwa na mpangilio wa kisa. Kwanza aliuliza haki ya kile anachopewa. Kisha akaikubali. Maringo yakaja nyuma, kama mtu anayewaambia watu wote wamuone ili baadaye asipate pa kujificha. Sisi wengi tunaanza na kitambaa chekundu. Tunataka upanga kwa sababu unang'aa.

Na Uhud, mnajua, haikuisha vizuri kwa Waislamu. Mambo yalipogeuka na watu wakatawanyika, yule yule aliyeringa mwanzo alimwinamia Mtume (s.a.w.) akaufanya mgongo wake kuwa ngao, mishale ikimwingia naye hajitikisi. Kama kisa kingeishia kwenye mwendo wake wa mwanzo, ningeogopa kumsimulia mtoto. Mgongo ule ndio ulioufasiri mwendo.

Kwetu Mombasa kuna jambo jingine, nalisema kwa mapenzi. Mara ngapi barazani, kahawa mkononi, tumesikia "hao Wakenya", "watu wa bara", kana kwamba sisi tuko nje ya hesabu? Malalamiko mengine yana ukweli ndani yake, siyakani. Lakini golini mwa Kenya, katika miaka ile ya 1981, 1982 na 1983 tulipochukua kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, mara tatu mfululizo, alisimama Mahmoud Abbas, mwana wa Mombasa, na nchi nzima ikamwita "Kenya One". Na ule wimbo wa taifa wanaouimba wachezaji mkono kifuani, sauti yake ilichukuliwa kutoka bembelezo la mama wa Kipokomo, huko Mto Tana, Pwani hii hii, na neno lake la kwanza ni kumwita Mungu. Kijana wa Kakamega akiuimba anaimba sauti ya kwetu. Qur'ani inasema tumejaaliwa mataifa na makabila ili tujuane. Nadhani sijapata kuwajua ndugu zangu wa bara kama nilivyowajua mwezi ule wa Agosti.

Kisha ikaja Ijumaa ya tarehe 22, robo fainali na Madagaska. Tulikusanyika mbele ya duka la jirani, viti vya plastiki vimefika mpaka barabarani. Alphonce Omija akatufungia. Madagaska wakasawazisha kwa penalti. Adhana ya magharibi ikatukuta mechi haijaamuliwa, na baadhi yetu tukainuka, wengine wakabaki wametumbua macho. Siwahukumu waliobaki, kwa sababu mimi niliyekwenda nilisimama kwenye safu na moyo wangu uko Kasarani. Nilipotoa salamu sikujua nimesoma sura gani katika rakaa ya pili. Hilo nimelitubia, na linanisumbua mpaka leo, kwamba penzi zuri lisipofungwa kamba linaingia hata msikitini bila kuvua viatu.

Tulirudi, ikafika mikwaju ya penalti, tukatolewa nne kwa tatu.

Yaliyofuata ndiyo yaliyoniuma kuliko kutolewa. Kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha kahawa, watu wale wale waliokuwa wakisema "tunashinda, tunashinda" wakageuza maneno: "wamefungwa hao". Ile "tu" yote ikayeyuka. Matusi yakamwagwa juu ya vijana waliokosa mikwaju, ya mama zao ndani yake, mbele ya watoto. Majina yao sitayataja hapa. Yametajwa ya kutosha usiku ule.

Nilimkumbuka ngamia wa Mtume (s.a.w.), al-Adhbaa, aliyekuwa hashindwi mbio. Akaja bedui na ngamia wake kijana akampita. Jambo lile likawa zito kwa Waislamu, likaonekana nyusoni mwao. Hadithi haituelezi kwamba Mtume (s.a.w.) alimlaumu ngamia, wala kwamba alimwonea kijicho bedui. Alisema ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kwamba hakuna kinachoinuka katika dunia hii ila atakiteremsha. Masahaba walihuzunika, na huzuni yao haikukatazwa. Walikuwa wakimpenda ngamia yule, na walikuwa na fahari naye. Fahari yao ilikuwa na uwezo wa kubeba siku ya kushindwa, bila kumtafuta wa kumtupia mawe. Sisi yetu ilishindwa kukaa japo nusu saa.

Kwa hiyo nikajiuliza kama haki ya jezi ni ya wale kumi na mmoja peke yao. Na sisi tunaoivaa barazani tumeichukua kwa haki yake, au tumenyoosha mikono tu?

Jumamosi asubuhi mtoto alikuja. Safari hii jezi haikuwa ndani ya kanzu. Alikuwa ameikunja ndani ya mfuko wa juzuu zake, amenuna. Nilimkalisha pembeni nikamsimulia Abu Dujana, kuanzia upanga mpaka mgongo. Alisikiliza vizuri. Kitambaa chekundu kilimpendeza sana, alitaka kujua kilifungwaje. Kisha nikamwambia aitoe jezi yake aiweke mapajani, nikamuuliza swali lile lile: "Na hii, mwanangu, haki yake ni nini?"

Aliitazama kwa muda. Akaipapasa nembo, akaugeuza upande wa nyuma, akaukunjua mkono uliokuwa umejikunja.

"Ustadhi," akasema, "hii kaninunulia mama. Kwa pesa za viazi karai."

Nikamwambia basi aanzie hapo.