Kupanda Usambara kwa Arobaini ya Bibi

Basi la Lushoto lilitoka Mbezi kungali giza. Nilichagua siti ya dirishani upande wa kulia, maana ukishapita Korogwe, milima ya Usambara huandamana nawe upande huo mpaka Mombo. Nilikuwa nakwenda kwenye arobaini ya Bibi mzaa baba, mkutubi wa shule ya sekondari aliyewaazimisha vitabu wasichana, kisha akaishi hata akawaazimisha binti zao.

Mashamba ya mkonge yalipoanza, nilimkumbuka zaidi. Alizaliwa mwaka 1936 kwenye kambi ya mkonge huku Korogwe, baba yake akiwa mkataji. Utotoni nilimuuliza mkonge ulitoka wapi. Hakunijibu. Alinionyesha rafu: "Mke mwenzangu, jibu liko pale, lichukue mwenyewe." Nikasoma kwamba Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikapona 62 tu. Angeniambia kwa mdomo, ningeshasahau.

Mombo tuliiacha barabara ya Arusha, tukaanza kupanda. Barabara hii ilichongwa enzi za Mjerumani, kona juu ya kona, bonde upande mmoja na jabali upande wa pili. Masikio yanaziba, joto linabaki chini, watu wanatoa masweta. Soni maporomoko yalikuwa yamejaa, na akina mama wamepanga karoti na mapeasi kando ya njia. Mzee niliyekaa naye aliniuliza msiba ni wa nani. Nilipomwambia, alinishika mkono. "Yule Bibi wa Maktaba? Mola amrehemu. Mimi nililowesha kitabu chake kwa mvua, nikakaa wiki nzima namkwepa. Aliponipata hakunigombeza. Alinipa sindano na uzi, tukakishona pamoja."

Hiyo ndiyo kazi niliyomwona akiifanya miaka yote. Lushoto kuna ukungu, na masika karatasi huota kuvu upesi. Jua likichomoza, alivitoa vitabu barazani, akavisimamisha kivulini kurasa zikiwa wazi kidogo, upepo upite. Miguu ya rafu aliisimamisha ndani ya makopo yenye mafuta ya taa ili wadudu wasipande. Nyuma ya kila kitabu palikuwa na kijimfuko cha kadi, na kadi ikijaa tarehe alibandika nyingine juu yake. Vingine vilikuwa na kadi nene kama biskuti, naye akizionyesha kwa fahari.

Ninalisema hili kwa uchungu: nimefika shule nyingi ambako vitabu vimefungiwa stoo, vipya kabisa, ufunguo anao mkuu wa shule, kisa visipotee. Bibi hakukubaliana na jambo hilo hata siku moja. Kwake kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi yake. Kilichobaki kipya kabatini kimewadhulumu. Aliwaruhusu wanafunzi waende navyo nyumbani, hata wale wa vijiji vya mbali, na vingi vilirudi.

Nadhani msimamo huo aliupata kwenye kisomo. Sensa ya 1967 ilionyesha kuwa theluthi mbili hivi ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, Bibi alikuwa miongoni mwa waliofundisha jioni, akina mama wakija na watoto mgongoni wakitoka shamba. Aliona watu wakijifunza herufi, kisha wakakosa cha kusoma. Ndipo akaomba kazi ya maktaba.

Nyumbani nilikuta turubai limeshafungwa na masufuria ya wali yako jikoni. Baada ya hitma, baba mkubwa alisoma wasia wake mfupi: vitabu vyangu vyote viende shule, na visiwekwe kabatini. Watu waliitikia kwa sauti, wengine wakilia.

Usiku ule tulivichambua. Kadhaa vilikuwa vimeachia jalada. Shangazi alikoroga unga wa ngano kwenye maji mpaka ukawa uji mzito, akatia mrututu kidogo kuzuia mende, kwenye sufuria ile ile ya Bibi ambayo haikuwahi kupikiwa chakula kwa sababu mrututu ni sumu. Mimi nilipaka nta ya nyuki kwenye uzi na kushona migongo, tundu kwa tundu, kama alivyonifundisha. Tulimaliza karibu na alfajiri.

Asubuhi tulivipeleka shuleni. Mwalimu wa maktaba alianza kuviandikisha papo hapo kwenye daftari, na wasichana wa kidato cha pili walishajipanga mlangoni. Tulimruhusu aviazimishe vyote isipokuwa vile tulivyoshona. Hivyo tulimwomba aviweke chini ya matofali siku mbili kwanza, gundi ikauke.