Jumamosi moja juu ya barafu, hadi simu ya Kigoma

Saa 11:00 alfajiri

Kipimajoto cha dirishani kinaonyesha nyuzijoto 24 chini ya sifuri. Nimezaliwa Kigoma, baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa, na huu ni msimu wangu wa sita kumsaidia mzee mmoja wa hapa Crosby, Minnesota, kuwaongoza wageni wanaokuja kuvua kwenye maziwa yaliyoganda. Yeye ndiye bingwa wa samaki. Mimi kazi yangu ya kwanza ni barafu.

Natia udhu nyumbani na kuvaa soksi za ngozi, ili mchana nipanguse juu yake tu. Naswali, najaza chupa mbili za chai ya tangawizi, natoka.

Saa 12:30 asubuhi

Bado giza. Ziwa la kwanza leo ni shimo la mgodi. Eneo hili linaitwa Cuyuna, na zamani walichimba hapa chuma chenye manganisi. Migodi ilipofungwa, pampu zilizimwa, maji yakapanda, na sasa mashimo hayo ni maziwa ya kina kirefu na maji maangavu, yanayopandikizwa samaki aina ya trauti. Kingo zake zinashuka ghafla kama ukuta. Kila Februari nawakumbuka waliofanya kazi hapa kabla yetu: tarehe 5 Februari 1924, karibu na hapa, maji ya ziwa yalipasua mgodi wa Milford na wachimbaji 41 wakafa. Siwezi kupita njia ile bila kuwaombea.

Natangulia peke yangu na mtaimbo. Hatua moja, pigo moja. Barafu nzuri hujibu kwa sauti kavu na mtaimbo unaruka mkononi. Barafu mbovu sauti yake ni butu, na maji huchomoza kwenye tundu. Idara ya Maliasili ya Minnesota inashauri inchi 4, yaani sentimita 10, kwa mtu anayetembea, na inchi 5 hadi 7 kwa pikipiki ya theluji. Hiyo ni barafu mpya iliyo angavu. Ile nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa, nguvu yake ni kama nusu, kwa hiyo unene unaotakiwa ni mara mbili. Wageni wengi hudhani theluji nyingi ni ishara ya barafu nene. Sivyo. Theluji ni blanketi, inazuia baridi isifike chini.

Natoboa hapa na pale kwa keekee ya betri na kupima. Sentimita 38, 41, 40. Pembeni kwenye mkondo unaoingia napata 17, basi naweka vijiti vyekundu na upande ule tumeufunga kwa leo. Msimu wangu wa kwanza nilizama mguu hadi pajani mahali kama pale, kwa sababu jana yake palikuwa salama nikaamini na leo patakuwa. Tangu siku hiyo shingoni navaa misumari miwili yenye mishikio ya mbao, ya kujivuta nikitumbukia, na kila mgeni namvisha yake kabla hajakanyaga.

Saa 2:00 asubuhi

Jua limetoka. Natoboa matundu ishirini karibu na ukingo, penye maji ya mita mbili hadi nne. Trauti hawapendi kulala chini kabisa majira haya. Huzunguka juu juu, mara nyingine karibu kabisa na tumbo la barafu. Sheria kwenye maziwa haya ya trauti ni kali: mshipi mmoja kwa mtu, na visamaki hai havitumiki kama chambo. Vikiponyoka huzaliana na kuwanyang'anya trauti chakula. Tunatumia mabuu na vijiko vidogo vya chuma vinavyometameta.

Saa 3:15 asubuhi

Wageni wamefika kutoka Brooklyn Park, mwendo wa saa mbili hivi: mzee, mkewe, na mjukuu wao wa miaka kumi na moja.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama."

Mzee anacheka. "Marahaba! Wewe ni wa Tanzania, hata sihitaji kuuliza."

Wao ni wa Nyeri. Nikimwonyesha trauti wa kwanza, mwenye mstari wa waridi ubavuni, anamtambua kabla sijamtaja. Waingereza waliwapeleka trauti kwenye mito ya Mlima Kenya na Aberdare mwanzoni mwa karne iliyopita, na yeye utotoni aliwaona wakivuliwa kwa fito ndefu. "Sasa nimemfuata mpaka kwenye friji yake," anasema.

Hapo ndipo ziwa likapiga kelele. Mngurumo mrefu, kama bati kubwa linalokunjwa mbali, ukapita chini ya miguu yetu. Mama akamshika mjukuu mkono.

"Mwanangu, inapasuka?"

"Hapana mama. Jua likipanda barafu inatanuka, usiku inasinyaa. Inatafuta nafasi. Barafu nene ndiyo inayonguruma hivi."

Haniamini mara moja, na ana haki. Mimi mwenyewe ilinichukua mwaka mzima. Nampeleka kwenye tundu, nachovya fimbo ya kupimia, namwonyesha mahali maji yanapoishia na barafu inapoanza. Anashika fimbo mwenyewe, anapima tena, kisha anaketi.

Kijana anapata trauti wawili. Mzee anapata mmoja. Mama hataki kuvua, anataka kuangalia ndani ya tundu tu, na maji ya migodi haya yanaruhusu: ukijifunika koti kichwani unaona samaki wakipita kama kwenye kioo.

Saa 6:45 mchana

Naswali Adhuhuri ndani ya hema. Jiko la gesi linawaka, na matundu ya hewa juu na chini yako wazi. Hema likifungwa kabisa, hewa ya sumu isiyo na harufu hukulaza usiamke.

Saa 7:30 mchana

Tunahamia ziwa la asili, maji ya mita saba, kutafuta bluegill na crappie. Samaki hawa wawili, Wamarekani huwaita samaki wa kikaango, kwa kuwa mmoja mzima anaenea kwenye kikaango. Bluegill ukimwona ubavuni utasema ni sato mdogo.

Anauma kwa adabu mno. Hauvuti mshipi, ananyonya chambo tu. Kwa hiyo ncha ya ufito tunaifunga waya laini unaopinda kidogo tu anapogusa, na ndoana ina kichwa cha metali ya tungsten, kidogo kama punje ya mtama lakini kizito, kishuke haraka. Sona, chombo kinachotambua samaki kwa mawimbi ya sauti, inatuonyesha mstari wa samaki ukipanda kuelekea chambo.

Kijana anavuta dume kubwa, kifua cha rangi ya machungwa, sentimita 23. Ninamwomba amrudishe. Ananitazama kama nimemwibia.

Namweleza. Madume makubwa ndiyo yanayolinda viota. Yakivuliwa yote, madogo huanza kuzaa mapema badala ya kukua, na baada ya miaka ziwa limejaa visamaki vya ukubwa wa kidole. Kikomo cha kawaida cha jimbo ni 20 kwa siku, lakini maziwa kadhaa yameshushwa hadi 10 au 5 kwa sababu hiyo hiyo. Tubakize wa wastani, wanatosha kwa chakula. Anamshika kwa mikono miwili, anamwingiza tundu kichwa kwanza, na samaki anatoweka kwa mkupuo mmoja.

Kwa crappie kanuni yangu ni nyingine: sivui zaidi ya mita tisa. Ukimvuta kutoka kina hicho kibofu chake cha hewa huvimba, na hata ukimrudisha mara nyingi hufa. Bosi wangu alipunguza mapato kwa kukubaliana nami hapa, namheshimu kwa hilo.

Saa 11:30 jioni

Saa ya crappie ni hii, jua likizama. Nusu saa hakuna anayezungumza. Saba, wa kutosha.

Saa 2:00 usiku

Vifaa vimekaushwa, matundu yamewekewa alama za matawi. Kigoma ni saa 11 alfajiri, mitumbwi inarudi. Kaka yangu anapokea, nyuma yake nasikia injini na watu wakipokezana makarai.

Mwaka 2024 ziwa letu lilifungwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, naye alinipigia kila wiki kulalamika. Hakuwa na kosa, watoto wanakula kila siku. Leo sauti yake ni nyingine.

"Mmepata?"

"Tumepata kidogo. Na nyie, kaka?"

"Mwezi ulitoka mapema, ukazishinda taa zetu za kuvutia dagaa. Lakini dagaa ni wakubwa. Muda mrefu sijawaona wakubwa hivi."

Namwomba anitumie picha.