Nipimie ya Ishirini

Kuna maneno niliyoyasema dukani miaka na miaka mpaka mwenye duka akawa hangoji niyamalize: nipimie mafuta ya ishirini, majani ya kumi, sukari ya ishirini. Ukinisikia leo ninasema "ya ishirini", jua nimekwama. Lakini zamani ndiyo yalikuwa maisha yangu ya kila siku, na sikujua kwamba yananifilisi.

Tunakaa Mishomoroni, Mombasa, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, kisima na choo uani. Baba watoto alikuwa kibarua kwenye yadi moja ya makontena upande wa Changamwe. Reli mpya ya SGR, ya Mombasa mpaka Nairobi, ilifunguliwa 2017, na baadaye ikatoka amri mizigo ipakiwe kwenye treni hapo hapo bandarini, ikakaguliwe bara. Kontena likipitia yadini hulisha mpakiaji, utingo, fundi wa tairi na mama wa kibandani. Likipita juu ya reli haliachi hata pesa ya chai. Watu waliandamana mjini 2019, lakini yadi ya mume wangu ilizidi kunyamaza mpaka wakaambiwa wasije tena. Amri ile iliondolewa Septemba 2022, rais mpya alipoapishwa. Mume wangu tangu hapo hupata siku tatu kwa wiki, akipata.

Basi mimi nikaanza mahamri na mbaazi barazani. Nakanda usiku, nakaanga saa kumi na moja alfajiri, saa tatu nimemaliza. Biashara ilikwenda. Wateja wapo, mahamri yanaisha, lakini nikihesabu jioni sioni kitu. Nikadhani naibiwa. Nilimshuku hata mwanangu wa kwanza, Mungu anisamehe.

Nililolijua, nililijua kwa sababu ya homa. Aprili 2022 mwanangu wa mwisho alikuwa anaumwa, nikapewa dawa ya maji pamoja na kile kikombe kidogo cha plastiki chenye mistari ya mililita. Jioni nimetumwa mafuta ya ishirini na tumbo langu mwenyewe, nimerudi nayo kwenye kifuko cha nailoni kimefungwa fundo. Sijui nini kilinituma, nikayamimina kwenye kile kikombe. Kilijaa mara moja, nikayaweka kando kwenye bakuli, nikamimina tena yaliyobaki. Jumla mililita 45.

Nikachukua simu, nikafungua kikokotoo. Lita moja kwa bei ile ni shilingi 444. Duka lile lile, rafu ya juu, pakiti ya lita moja ilikuwa 380. Na soko la Kongowea kwa bei ya jumla, mtungi wa lita 20 ulikuwa 6,200, yaani 310 kwa lita. Mafuta ni yale yale, hata mtungi wa duka letu unatoka huko huko. Mafuta ya mahamri nilikuwa nanunua nusu lita kila siku kwa 215. Kwa hiyo kila alfajiri, kabla sijauza hata hamri moja, nilikuwa nimeshamlipa mtu shilingi 60 kwa kosa la kutokuwa na 6,200.

Simlaumu mwenye duka. Naye ana kodi, ana stima, na anauza kwa daftari watu wasiolipa, mimi nikiwa mmoja wao. Lakini usiku ule sikulala. Nilipiga hesabu ya kila kitu. Maji ya mkokoteni, mtungi wa lita 20 ni shilingi 20 siku za neema, na mfereji ukikauka wanataka 50. Lita elfu moja kwa njia hiyo ni kuanzia shilingi 1,000 mpaka 2,500. Mwenye mita yake kule Nyali, mtaa wa wenye nacho, kwa lita elfu hizo hizo halipi hata nusu ya hiyo elfu. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Kweli hujaza, ila hawakutuambia ukikijaza kwa haba kibaba kinakutoka bei gani.

Asubuhi nikamwonyesha Bi Mkubwa wa chumba cha kwanza. Huyu ndiye tunayemheshimu nyumba nzima, anapokea zile 2,000 za serikali za wazee kila mwezi, na anaogopa Mungu. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, hili mimi nalijua tangu wakati wa mama yako. Taabu si kulijua. Taabu ni hizo elfu sita."

Na kweli, hapo ndipo penye mambo yote. Kununua rahisi kunataka uwe na pesa kwanza. Ukiwa nazo, unazidi kuwa nazo. Mimi nilikuwa na 300.

Wiki ya kwanza baada ya Idd tukakubaliana watu watano, kila chumba isipokuwa cha sita anakokaa kijana wa bodaboda ambaye hula nje na alitucheka. Shilingi 50 kila mtu kila siku. Siku 25 zitupe 6,250. Kopo la maziwa ya unga likatobolewa tundu, likawekwa chini ya kitanda cha Bi Mkubwa, na mimi nikashika daftari.

Ukisoma hivi unaona rahisi. Siku zile ishirini na tano ndizo ngumu kuliko zote nilizowahi kuishi, kwa sababu unachanga 50 za mafuta ya mwezi ujao na huku bado unanunua mafuta ya leo kwa bei ile ile ya kunyonywa. Umaskini tuliuongeza kwanza ndipo tuupunguze. Tulikula sima na mchicha uliochemshwa kwa chumvi na nyanya, bila tone la mafuta. Watoto wakauliza kama mboga inaumwa.

Siku ya kumi na moja mama wa chumba cha pili akaja analia. Mtoto amezidiwa, anataka 550 zake. Mama wa chumba cha nne akasema kopo lisifunguliwe, tumekubaliana. Bi Mkubwa hakujibu, aliinama akalivuta kopo, akahesabu 550 za sarafu sakafuni, kumi kumi. Siku ya ishirini na tano tukawa na 5,700. Tukaongeza siku tatu, zikafika 6,450.

Nikapanda matatu mpaka Kongowea. Kufika, mtungi umekuwa 6,500. Indonesia ilikuwa imezuia mafuta ya mawese yasitoke nchini kwake mwishoni mwa Aprili, na ingawa walifungua tena kabla Mei haijaisha, bei huku ilikuwa bado juu. Mimi na Indonesia tumejuania wapi? Nikatoa 50 ya mauzo ya mahamri. Kurudi, makanga akanitoza nauli ya watu wawili, akasema mtungi umekaa kiti. Nikalipa bila maneno, nimeukumbatia kama mtoto mchanga.

Ugomvi ulikuja kwenye kugawa. Bi Mkubwa alitaka kila mtu lita nne. Mama wa chumba cha nne akasema hii si sadaka, aliyetoa pesa zake apate kwa kadiri ya alichobakisha. Nilimchukia siku hiyo, lakini hesabu ilikuwa upande wake. Mama wa chumba cha pili akapata lita mbili na nusu, sisi wengine zaidi ya nne. Tulipima kwa chupa ya nusu lita ya maji, macho kumi yakiutazama mstari.

Yangu yaliisha siku ya tisa, maana mimi nakaanga biashara. Ndipo nikawaambia wenzangu: anayebakiza, aniuzie kwa 350 kwa lita. Wao wamenunua 325, wanapata faida ndogo. Mimi nimetoka kwenye 430, naokoa 40 kila siku. Kwa siku 26 za kazi ni 1,040, karibu theluthi ya kodi ya chumba changu cha 3,500. Hapo ndipo mama wa chumba cha nne aliponicheka kwa mara ya kwanza na kuniita mfanyabiashara.

Na kopo hatukulivunja. Hiyo ndiyo siri pekee, kama ni siri: mchango haukusimama hata siku tuliyokuwa na mtungi umejaa. Mzunguko wa pili ulikuwa mwepesi kwa sababu hatukuwa tunachanga na kunyonywa kwa pamoja. Baadaye tukaongeza sukari, kisha mchele. Makaa yalitushinda. Gunia tulilonunua lilikuwa na makaa mazuri juu na chini vumbi tupu, tukapigwa kama wageni.

Kile kikombe cha dawa sikukitupa. Mwisho wa Mei ule nilimtuma mwanangu dukani kwa mafuta ya ishirini, si kwa shida, kwa ushahidi. Mililita 40. Bei haikupanda, ni ile ishirini ya siku zote, kilichoshuka ni kipimo. Toka 45 mpaka 40, lita ilikuwa imetoka 444 ikafika 500, nyongeza ya asilimia 12 na nusu ndani ya wiki sita. Oktoba mwaka ule redio ilitangaza mfumko wa bei umefika asilimia 9.6, nikamwambia baba watoto, kwenye kikombe changu ulishapita hapo tangu Mei.

Tangu hapo nikawa nasikiliza habari za serikali kwa sikio jingine: hili jambo litamfikia nani, mwenye mtungi au mwenye kifuko? Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, unga wa mahindi uliwekewa ruzuku, kilo mbili kwa shilingi 100 badala ya zaidi ya 200. Nilipanga foleni mara mbili, nikapata pakiti moja. Gesi nayo: Julai 2021 iliwekewa kodi ya VAT ya asilimia 16, mwaka uliofuata ikapunguzwa ikawa 8, na Julai 2023 ikaondolewa kabisa. Jambo zuri. Lakini mafuta ya taa yana tozo ya shilingi 18 kwa lita tangu 2018, iliyowekwa ili watu wa malori wasichanganye na dizeli. Anayepikia stovu chumbani ndiye anayelipia ujanja wa matangi. Na Julai ile ile ya 2023 VAT ya petroli ikapandishwa kutoka 8 hadi 16, Septemba lita ikavuka 200, na nauli ya Kongowea ikafuata. Mimi nilihama kwenye stovu mwaka huo kwa pesa za kopo, nikanunua mtungi mdogo wa kilo sita. Mahamri bado nakaanga kwa makaa, gesi haiwezi karai lile.

Stima ndiyo sikuiweza mpaka leo. Aprili 2023 EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, walipanga upya bei: anayetumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi analipa bei ya chini, na anayepita 100 analipa ya juu kabisa. Awali hiyo ya chini ilikuwa inafika 100. Ni mpango wa kumsaidia mnyonge, sikatai. Sasa hesabu nyumba yetu: vyumba sita, kila kimoja taa mbili, televisheni na chaji ya simu, tuseme uniti 19. Peke yake kila mtu ni mnyonge. Lakini mita ni moja, 114, na mita inatuona sote kama tajiri mmoja. Mwenye nyumba tulimwomba mita za kila chumba, akasema tukizitaka tujenge yetu.

Mwaka 2024 ndipo nilipoona faida ya kopo kwa macho. Mswada wa Fedha ulitaka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilisikia bei itapanda nikiwa na pesa ya kuitangulia. Tukanunua mitungi miwili siku moja. Juni ile mambo hayo mawili yakatolewa kwenye mswada, na baada ya vijana kujaa barabarani, Mombasa wakiwemo, mswada wote ukarudishwa bila kutiwa sahihi. Dukani kwetu kipimo kilikuwa kimeshapunguzwa kwa uvumi. Kodi haikuja, na kikombe hakikurudi.

Sijawa na mali, msinielewe vibaya. Deni la daftari nimelimaliza, na mwanangu wa kwanza hajarudishwa nyumbani kwa ajili ya pesa mwaka mzima.

Mwezi uliopita kijana wa bodaboda alihama, akaingia mama mmoja na watoto watatu. Jioni ya pili akaja mlangoni kwa Bi Mkubwa, amesikia kwamba tuna mafuta. Ameshika noti kwenye ngumi na kikombe cha chai. Akasema, "Samahani mama, naomba unipimie ya ishirini."

Tukatazamana. Mama wa chumba cha nne akafungua mdomo, nikajua anataka kuuliza tunampa kwa bei gani, ya kwetu au ya duka, na mimi mwenyewe nilikuwa nalipigia hesabu kichwani. Bi Mkubwa alishauinamisha mtungi. Alimimina kwenye kile kikombe changu cha dawa, mara ya kwanza, mara ya pili, kikafurika juu ya kidole chake, akakifutia kidole ukingoni mwa kikombe cha yule mama ili tone lisipotee.

"Kesho," akamwambia, "uje na hamsini."