Dakika 23 bila tangazo: nilivyokiaga kipindi changu cha roki Mtwara

Tulipomaliza kikao cha Jumanne, meneja aliniambia nibaki. Kwenye redio ndogo kama yetu ukiambiwa ubaki baada ya kikao, ama kuna kifaa umekiharibu ama umekwisha wewe. Akanieleza kwa upole tu: kuanzia mwezi unaofuata, saa nne usiku ikigonga matangazo yatashikwa na kompyuta hadi alfajiri. Dizeli ya jenereta itapungua, posho za usiku zitapungua. "Ijumaa zako zimebaki tatu, kaka. Waage watu vizuri."

Kipindi kilikuwa hewani tangu 2010, kila Ijumaa saa nne hadi saa sita usiku, na kilipiga roki ya progresivu: ile roki ya Waingereza wa miaka ya 1970 ambayo wimbo mmoja hula upande mzima wa santuri. Najua watu wanavyonitazama nikilisema hilo. Mtwara? Huku kwa korosho na ming'oko? Huku huku.

Kosa ni la marehemu mjomba. Alikuwa baharia, na kila aliporudi Mikindani alishuka na kaseti alizojirekodia Hamburg na Rotterdam kwenye vyumba vya mabaharia wenzake. Kwetu Wamakonde wa zamani mpwa ndiye mrithi wa mjomba wake, kwa hiyo wakati wenzangu wanagawiwa mikorosho, mimi nilikabidhiwa katoni la kaseti. Mama alisikitika sana. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na redio kaseti ya kukopa, sikusikitika hata kidogo.

Mwanzoni kipindi kilikuwa kinanifia mikononi. Watu wa huku wamezoea kwamba usiku redio ni salamu: unatuma ujumbe, unasomwa, jina lako linasikika Nanguruwe na Msimbati, umelala na furaha. Mimi nikawa nawapigia King Crimson, bendi ya roki hiyo hiyo ya Waingereza. Ujumbe ulioingia ni mmoja, unauliza kama mitambo imeharibika. Ndipo nikagundua kitu ambacho kiliniweka hewani miaka yote iliyofuata: nyimbo hizi zina sehemu ndefu zisizo na maneno, na sehemu zisizo na maneno ndizo nafasi ya salamu. Kinanda kinatembea, mimi nasoma: "Nikiwa hapa Chikongola, nawasalimu mama mkwe na wote wa Mahuta, ujumbe wangu ni kwamba deni nimelikumbuka." Mwimbaji akirudi, nanyamaza. Baada ya miezi michache watu wakawa wanajua wenyewe wapi pa kutuma. Mmoja alikuwa anaandika kabisa, "nisome kwenye gitaa la pili."

Walichonifundisha wasikilizaji ni kingi kuliko nilichowafundisha. Mzee mmoja fundi wa ngoma alikuja studio siku tunapiga "Money" ya Pink Floyd. Besi yake inahesabiwa saba, si nne. Vijana wa studio hupotea hapo kila mara. Mzee akagonga meza kwa vidole viwili, akasubiri mzunguko mmoja, akaingia nao. "Huyu hajakosea," akasema, "anachechemea kwa makusudi." Tangu siku ile sikutafuta tena namna ya kuueleza muziki huu kwa Kiswahili. Aliyesema kwamba ni mambo ya wazungu nilimpigia WITCH, bendi ya Zambia ya miaka ile ile ya 1970, na mabishano yakaisha.

Kitu kimoja tu kilinikereketa. Mkataba wa matangazo ulisema kila robo saa lazima tangazo lisikike. Kwa hiyo kwa miaka 14 sikuwahi kupiga wimbo mrefu hadi mwisho. "Thick as a Brick" ya Jethro Tull, ya 1972, ambayo albamu nzima ni wimbo mmoja, niliupiga kwa awamu, Ijumaa nne mfululizo, kama tamthiliya. Na "Echoes" ya Pink Floyd, ya 1971, dakika 23 na nusu, nilikuwa naishusha sauti katikati kila mara kama mtu anayemkatisha mzee maneno. Mwaka 2019 nilikuwa nimepata ruhusa ya kuipiga nzima, Ijumaa ya sikukuu ya Muungano. Alhamisi yake Kimbunga Kenneth kikawa kinakuja, mji mzima tukaambiwa tukae sehemu salama, kikatupita na kuingia Msumbiji. Sasa katikati ya wimbo ule kuna dakika kama nne za upepo mtupu na milio kama ya ndege wa baharini. Sikuwa na moyo wa kuwapigia upepo watu ambao jana yake walikuwa wanaukimbia. Ruhusa ikapita hivyo.

Kwa hiyo niliposhuka ngazi za ofisi ile Jumanne nilikuwa nimeshaamua. Nitaaga kwa kumaliza wimbo.

Ijumaa ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Niliingia hewani na hasira, nikasema kompyuta haijui hata kusema shikamoo. Watu wakacheka, wakatuma ujumbe mkali kwa uongozi, na Jumatatu nikaitwa. Meneja hakupandisha sauti. Alinionyesha risiti za dizeli, moja moja, akazipanga mezani. Nilimwomba radhi, na Ijumaa ya pili nikawaomba radhi wasikilizaji pia. Hiyo ya pili niliitoa yote kwa salamu. Nilisoma hadi sauti ikakauka, sina la zaidi la kusimulia hapo.

Kazi ilikuwa wiki ya mwisho. Kwanza tangazo. Saa tano hadi saa sita za Ijumaa zilikuwa za mfanyabiashara mmoja wa mabati. Nikamfuata dukani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kununua au kuomba?"

"Kuomba, mzee."

Nikamweleza. Akanitazama juu ya miwani. "Mimi huo muziki wako nausikia kama mashine ya kukoboa. Lakini mama watoto akiufungulia analala kabla yangu, na hiyo ni nafuu kubwa." Akakubali tangazo lake lisogezwe, kwa sharti kwamba saa sita kamili liwe la kwanza. Nikamwandikia na karatasi.

Pili, kaseti. Ningeweza kupata nakala safi ya wimbo, iko kila mahali siku hizi. Sikuitaka. Nilitaka ya mjomba, yenye maandishi yake ya kalamu nyekundu: EKO. USIPIGE MCHANA. Mjomba hakuwa na waya wa kuunganisha. Aliweka redio kaseti mbele ya spika na kubonyeza. Kwa hiyo mle ndani, chini ya muziki, kuna chumba. Mlango unafungwa. Na kwenye ule upepo wa katikati, panapokuwa pametulia kabisa, mtu anakohoa mara mbili.

Hewa ya chumvi ya huku haina urafiki na kaseti. Utepe ulikuwa na ukungu mweupe pembeni. Nikausafisha kwa pamba na spiriti, nikiuzungusha kwa kalamu, nusu nzima ya Jumatano. Deki ya studio nayo haikuguswa tangu tulipohamia kwenye kompyuta. Nilipoifungua, mpira wa kuzungushia ulikuwa umeyeyuka ukawa kama lami, unanata vidoleni hadi kwenye shati. Fundi wa redio sokoni akachomoa mpira kwenye maiti ya deki nyingine, ukafaa, ila ulikuwa umelegea kidogo. Muziki ukawa unaenda polepole na kuyumba. Nilitaka kukata tamaa, kisha nikakumbuka kwamba ile Mellotron waliyokuwa wanaitumia King Crimson 1969 ni kinanda ambacho kila kibao chake huvuta kipande cha utepe wa sekunde kama nane. Nao ulikuwa unayumba. Watu wakauita uzuri.

Ila kuyumba kulikuwa na hesabu yake. Nikapima kwa saa ya simu: dakika 23 na nusu zilikuwa zimekuwa karibu 25. Kompyuta ilikuwa imeshapangwa kuchukua matangazo saa sita kamili, haisubiri mtu wala haisikii sababu. Nikaandika kwa kalamu ya wino mkononi mwangu: 5:30, si zaidi.

Tatu, umeme. Anayeishi huku hahitaji kuelezwa. Betri ya akiba studio inashikilia dakika kumi kwa kubembeleza, na jenereta inawashwa kwa kuvutwa kamba. Nikanunua lita tano za dizeli kwa fedha yangu na kumwomba mlinzi aiwashe tangu saa tano, umeme uwepo usiwepo. "Kwa hiyo leo tunachoma mafuta bure?" akauliza. Nikamjibu ndiyo, leo tunachoma bure.

Usiku wenyewe ulianza kawaida. Sikuvaa chochote maalumu, sikualika mgeni. Saa ya kwanza nikapiga nyimbo walizoomba, nikasoma salamu. Saa tano na nusu nikasema hivi tu: "Wimbo huu hamjawahi kuusikia wote. Leo sitaongea juu yake. Salamu nitazisoma ukiisha." Nikabonyeza.

Ile noti ya kwanza ya piano ya Richard Wright, mpiga kinanda wa Pink Floyd, ikadondoka, moja, kama tone kwenye mtungi. Nikazima maikrofoni, nikakaa juu ya mikono yangu. Nasema kweli, niliikalia mikono, kwa sababu miaka 14 imeizoesha kupanda kwenye kile kitelezi cha sauti robo saa ikifika.

Dakika ya tano, kawaida. Dakika ya kumi, ujumbe unaingia, sisomi. Kisha upepo ukaja.

Simu ya kwanza ilikuwa ya Tandahimba: redio imezima? Ya pili Mikindani, ya tatu meneja mwenyewe. Mlinzi akaja mbio na tochi, anadhani mtambo umelala. Nikamwekea kidole mdomoni na kumwonyesha mshale wa sauti, unatikisika chini kabisa lakini unatikisika. Akavuta kiti, akakaa, tochi bado inawaka mapajani. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshatoka chini yangu, uko kwenye kitelezi. Ningesema maneno matatu tu, "bado tupo hewani", watu wangetulia. Sikuyasema. Kikohozi kikapita, mara mbili. Nje jenereta inaunguruma, ndani mabaharia wa Hamburg wamekaa kimya, na nchi kavu yote kutoka hapa hadi Newala inasikiliza upepo au imehama stesheni, sikuwa na namna ya kujua.

Halafu muziki ukaanza kurudi, taratibu, kutoka chini.

Uliisha saa tano na dakika hamsini na nne na kitu. Nikawasha maikrofoni. Nilikuwa nimeandika hotuba, iko mfukoni mwa suruali ile mpaka leo. Nikasoma salamu badala yake, haraka haraka, majina bila pambo: wa Nanyamba, wa Lindi mjini, mama wa chapati wa Shangani aliyewasalimu "wote waliodhani redio imekufa". Dereva mmoja alikuwa amepaki lori kandokando ya barabara karibu na Mtama asiukose mwisho.

Ujumbe wa mwisho uliingia ikiwa imebaki nusu dakika, wa mvuvi wa Msimbati ambaye amenitumia salamu tangu mwaka wa kwanza. Haukuwa na salamu. Uliandikwa: "Mpwa, nani huyo aliyekohoa humo ndani?"

Nikausoma kama ulivyo. Nikasema, "Mjomba."

Kisha likaingia tangazo la mabati.